Mwaka wa Matusi ya Bi Somoe

Tulipomaliza kumzika Profesa tulirudi nyumbani kwake, Dar es Salaam, tukaketi chini ya turubai na sahani za pilau mapajani, na kama ilivyo misiba ya wasomi, kila mtu alikuwa na lake la kumsifia. Kijana mmoja, mwanafunzi wake wa mwisho, akasimama akaeleza jinsi marehemu alivyochukua mawazo ya watu kuhusu chanjo, woga wao, uzembe wao, umbea wao, akayaingiza kwenye hesabu pamoja na ugonjwa wenyewe, mpaka ukaweza kukaa mezani ukakisia surua itapita wapi na itakwama wapi. Watu wakatikisa vichwa. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na ndoo ya maji ya kunawa, peke yangu, maana wa rika langu wengi wametangulia, na waliobaki wana vyeo, na mwenye cheo hakai karibu na ndoo. Yule kijana aliposema "kazi iliyoanzia Kibiti," nikalirudisha tonge sahanini. Kazi ya Kibiti niliifanya mimi. Hakuna mwingine aliyekuwepo, na katika wote waliokuwa chini ya turubai lile hakuna aliyejua Bi Somoe alikuwa nani.

Nilikuwa nimetoka chuoni, binti mwenye shahada ya hisabati, na sijui kukaa na watu. Nasema bila aibu. Hata sasa sijui vizuri. Profesa alinipangia chumba kwa Bi Somoe, mjane wa Kindengereko aliyehamia kutoka Delta, vile visiwa vya mikoko Rufiji inapoingia baharini; nyumba yake ilikuwa nyuma ya soko la Kibiti, enzi hizo Kibiti ikiwa bado chini ya wilaya ya Rufiji. Nyumba ilikuwa ya fito na udongo, na bati ambalo mvua ikinyesha hamsikilizani. Chumbani kulikuwa na kitanda cha kamba, meza yenye mguu mmoja mfupi, na kidirisha kilichotazama uani, ambako wanawake wa mtaa walikutana kila alasiri kusuka ukili. Kuta hazikufika juu, kwa hiyo lolote lililosemwa uani niliambiwa na mimi, nitake nisitake. Nilijifunza bei ya machungwa, nani kaachwa Bungu, nani anarogwa Nyamwage. Nilikula vizuri mno kwa mtu asiye na wa kula naye: wali wa nazi, mchuzi wa ngadu, wale kaa wa mikokoni, uliokolea pilipili, asubuhi muhogo wa kuchemsha na chai ya mchaichai. Sahani ilipitishwa mlangoni, nikaipokea, nikafunga.

Siku ya kwanza kabisa nilimwamkia, "Shikamoo, Bi." Akaitikia, akaniuliza, "Wa wapi wewe?" Nikamwambia mimi Mnyamwezi, wa Tabora. Loo! Yule mama alipiga vigelegele. "Njooni mwone! Njooni! Mtumwa wangu karudi! Babu yake alitupa mzigo wa babu yangu njiani akakimbia, leo kajileta mwenyewe!" Wanawake wakaja wakanizunguka, huyu akinishika mabega kupima kama yanaweza gunia, yule akiuliza kama kwetu bado tunatafuna matobolwa, vile viazi vyetu vya kukausha, badala ya chakula cha watu. Wanyamwezi na watu wa pwani hii ni watani tangu enzi za misafara. Hilo nililijua kama nilivyojua tarehe za historia, kwa kusoma. Kulijibu sikujua. Mtani akikutukana na wewe umtukane, ndiyo heshima yenyewe. Mimi nilitabasamu kama mgonjwa, nikaingia chumbani, nikakaa juu ya kitanda nikiwa na uchungu wa kweli. Tangu siku hiyo nikawa mla matobolwa. Salamu zangu zote zilijibiwa kwa tusi. Nikipiga chafya, tusi. Nikiugua homa, Bi Somoe aliniletea uji mwenyewe, akanishikia kikombe, na huku ananiambia nisife kwake maana kaburi la mbeba mizigo litamlia mahali pa mihogo.

Kazi yenyewe nitaieleza kama nilivyokuja kuwaeleza wanafunzi wangu wa sekondari baadaye. Chukua kila nyumba uiweke kama nukta kwenye karatasi. Kila nukta ina namba yake ya moyoni, yaani inavyoitaka au kuikataa chanjo, na namba hiyo haikai mahali pamoja. Jirani akisema mtoto wake alivimba mkono, namba ya nyumba ya pili inashuka. Surua ikionekana mtaa wa tatu, hofu inaingia na namba zote zinapanda, watu wanakimbilia sindano. Wakishachanja, ugonjwa unatoweka. Ukitoweka, hofu inakwisha. Hofu ikiisha watu wanazembea, na kwa uzembe huo ugonjwa unarudi. Mambo yanazunguka hivyo. Mimi mpaka leo naona ni kitu kizuri, na anayesema Profesa alikuwa mjinga namkatalia. Lakini modeli haianzi yenyewe. Lazima kwanza uipe namba ya kuanzia, na namba ile ilitoka kwenye dodoso, na dodoso nilitembea nalo mimi, nyumba kwa nyumba, nikiuliza: chanjo ya surua ikija, utampeleka mtoto? Mwisho wa yote, hesabu ingesema boti ya chanjo, iliyokuwa moja na mafuta ya kubahatisha, ianze kwenda wapi.

Mtu pekee aliyezungumza nami bila utani alikuwa Tatu, binti wa Bi Somoe. Alikuwa ameolewa Delta, akarudi kwa mama yake kujifungua mtoto wa kwanza kama desturi, akakaa hata baada ya arobaini kwa kuwa mtoto alikuwa mdogo na maji yalikuwa mabaya. Mtoto alizaliwa sikukuu, wakamwita Mwanaidi. Tatu alikuwa wa umri wangu. Jioni, wageni wa uani wakishaondoka, alikuja kukaa kizingitini kwangu akinyonyesha, akaniuliza, "Mbona kimya leo? Umekula?" Sijui kama anayeishi na watu anaweza kuelewa uzito wa swali hilo. Nilimwonyesha kompyuta, nukta zikibadilika rangi, na akaniuliza yeye ni nukta ipi. Nikamwambia yeye na Mwanaidi ni moja ya zile za pwani, chini kabisa. Akaitazama sana. "Tumekaa peke yetu hivyo?" akasema, na tukacheka. Alipokaribia kurudi kwa mumewe aliniuliza jambo moja kwa makini: Mwanaidi akifikisha miezi tisa anatakiwa kuchomwa ya surua, je, amrudishe Kibiti, au hiyo boti itafika? Ni safari ndefu ya mtumbwi na gari, na masika mpunga hauachwi, ndege na nguruwe watakula wote. Nikamwambia kwenye mpango Delta ipo, na kweli ilikuwapo. "Basi nitaingoja," akasema. Alipoondoka chumba kile kiliniwia kikubwa ghafla.

Delta nilikwenda kuuliza maswali yangu nikiwa na Bi Somoe, maana ndiko kwao, na nisingeweza kujua mlango upi ubishwe. Kosa lilikuwa hapo, kama lilikuwa kosa, na nani angelijua? Kila tuliposhuka kwenye mtumbwi alitangulia mbele akipiga kelele, "Nimewaletea mtumwa! Mnyamwezi huyu! Anauza sindano!" Na kijiji kizima kikafurahi. Nikiuliza dodoso langu, mama mmoja anajibu, "Sindano yako kawachome ng'ombe wenu wa Tabora." Mwingine: "Nimchanje mwanangu awe na akili kama yako? Ebo!" Mzee mmoja mvuvi aliniambia atachanja siku Mnyamwezi atakapojua kuogelea, na akanisogeza ukingoni tujaribu. Maelekezo ya Profesa yalikuwa mtafiti aandike linalosemwa, si analodhani. Kilichosemwa ni hapana, hapana, hapana. Tatu mwenyewe alikuwa dunguni kwake, kibanda cha juu cha kulindia mpunga, mbali mashambani, sikumwona. Kijiji kimoja cha bondeni, huku juu ya mto, sitakitaja, nilikwenda na mtendaji. Huko nilikuwa mgeni wa serikali. Nilipewa kiti, nikapewa dafu, nikajibiwa, "Ndiyo mwanangu, chanjo ni jambo jema, inshallah tutawaleta wote." Nyumba baada ya nyumba, ndiyo. Nilirudi Kibiti na rangi mbili safi kwenye kompyuta: kijiji cha bondeni chote kinataka, Delta yote inakataa.

Nilianza kushtuka siku ya kliniki pale Kibiti. Nilipita nikaona foleni ya akina mama na watoto migongoni, na walio mbele kabisa ni wale wale wa uani kwetu, wale walionijibu kwamba sindano zangu nikamchome bibi yangu. Bi Somoe yuko nao, kashika mtoto wa jirani. Nikamfuata, nikamuuliza mbona wamekuja na wakati mimi waliniambia hawataki. Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyevaa viatu kinyume. "We mla matobolwa we, kwani nani aliyekataa?" Nikasema, wewe. "Nilikukataa wewe, sikukataa sindano! Sasa mtani nimwambie nini, ndiyo bwana mkubwa?" Foleni nzima ikacheka mpaka muuguzi akatoka kutazama. Na mimi, kwa mara ya kwanza tangu nifike, nilicheka nao, halafu katikati ya kicheko nikaacha. Nilikuwa nimeikumbuka Delta.

Profesa alikuja wiki ile kuchukua kazi. Tulikaa kwenye hoteli moja ya barabarani, yeye na sahani ya wali na samaki wa kukaanga, mimi sikula. Nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, sifa hiyo alikuwa nayo, kisha akafuta vidole.

"Kalunde, unataka nikawaambie watu wa dawa kwamba hapana ya Delta ni ndiyo?"

"Ndiyo."

"Na ndiyo ya bondeni?"

"Ile sijui. Ile walikuwa wananistahi tu. Mgeni hakataliwi kitu usoni."

"Kipimo chako ni kipi? Nipe namba."

"Kipimo ni matusi," nikamwambia. "Anayekutukana atachanja. Mwogope anayekupa kiti."

Akacheka, si kwa dharau, alicheka kama mtu aliyefurahishwa, na kicheko kile kiliniuma kuliko angenifokea. Akasema ni jambo zuri sana la kuandikwa siku moja. Akasema kama nina shaka turudie maswali Delta na mtu mwingine, Mkwere labda, au Mpare asiye na utani nao, lakini si sasa, mafuta yameshatolewa, masika inaingia. "Tuanze na wanaotaka. Wagumu tutawafuata maji yakipungua." Nikamwambia Delta yupo mtoto anayeingoja boti ile, namjua jina. Akasema kila nukta ina jina, ndiyo maana hatuwezi kuchagua kwa majina. Nimelizungusha jibu hilo kichwani miaka yote hii, na kinachoniudhi ni kwamba siwezi kuliita baya. Ningekuwa mimi na karatasi zile mbele yangu, na sijawahi kula ngadu za Bi Somoe, ningesema hivyo hivyo.

Boti ikaenda bondeni. Wenyeji wakaipokea vizuri sana, wakaweka viti, wakawapa wauguzi madafu, na watoto walioletwa walikuwa wachache wa kutia huruma. Wengine walikuwa safarini, wengine wana mafua, wengine wangekuja kesho inshallah. Kumbe kulikuwa na neno lililokuwa likipita nyumba kwa nyumba kwamba sindano ile inafunga uzazi, na hakuna aliyeona adabu kumwambia mgeni. Mimi siku niliyoambiwa boti haielekei Delta nilikwenda kwa wachuuzi wa samaki wanaoshukia Nyamisati, nikamwomba mmoja amfikishie Tatu ujumbe: usingoje, mlete mtoto Kibiti. Niliporudi nikamwambia Bi Somoe, naye akatuma mwingine kwa njia yake. Kisha mvua zikaanza. Wiki zile sitaki kuzikumbuka na ndizo ninazozikumbuka. Bati likilia mchana kutwa, kompyuta haina chaji, uani hakuna anayesuka kwa sababu ya maji, na mimi chumbani nikisikiliza kama kuna anayebisha. Hata Bi Somoe hakutulia. Alikuwa akisimama mlangoni na kanga kichwani akitazama njia ya stendi, nami nikitazama kidirishani, kila mtu kwake, tukingoja mtu mmoja.

Ujumbe ulifika. Tatu alikuwa dunguni, ukafika kwake umechelewa, lakini ulifika, na alitoka na mtoto siku iliyofuata. Njiani, ndani ya mtumbwi, akaona vipele nyuma ya masikio ya Mwanaidi. Surua ilikuwa imeshaingia visiwani. Akageuza, maana aliambiwa mtoto wa surua hapigwi upepo, na maji yalikuwa mengi. Mchuuzi yule yule ndiye aliyeniletea habari. Alinikuta sokoni nikinunua mafuta ya taa, akasema, "Dada, yule mtoto hatunaye," akanishikia chupa maana ilikuwa inaniponyoka.

Bi Somoe alikwenda Delta kuhani akakaa huko. Mimi nilitaka kwenda naye, akasema njia mbaya, nibaki. Ilikuwa kweli njia ilikuwa mbaya. Nilibaki katika nyumba ile nikijipikia ugali wa muhogo usioiva, na majirani waliniletea mboga na kuondoka. Nilijiambia atakaporudi nitamkumbatia, nitalia, atanitukana, tutalia tena. Aliporudi aliingia moja kwa moja chumbani kwangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akakaa kitandani. Alikuwa amekonda. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kalunde, wakati ule tunakuchekesha kule kwetu, ulikuwa unaandika?" Sikumbuki kama alikuwa amewahi kuniita kwa jina langu kabla ya hapo. Nikamwambia ndiyo, ndiyo kazi iliyonileta, na kwamba nilisema, nilimwambia mkubwa wangu kuwa ule ni utani, hakunisikia. Akatikisa kichwa taratibu. Bwana afya kule Delta alikuwa amewaeleza waliofiwa kwamba wao waliandikwa wamekataa. "Basi ni midomo yetu," akasema. "Mimi ndiye niliyetangulia kupiga kelele." Nikamshika, nikamwambia si yeye, hata kidogo si yeye, nikaanza kumweleza modeli, Mungu anisamehe, nukta na namba, na alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza.

Asubuhi yake nilimwamkia, "Shikamoo, Bi." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Umeamkaje? Umelala salama?" Chai ikaja kwenye sinia, imefunikwa kawa, na kikombe kilikuwa kile cha kabatini chenye maua, cha wageni. Nilikaa nikakitazama. Nilifikiri ni majonzi, yatapita. Lakini siku zikaenda, arobaini ikapita, ukili ukarudi uani, na wanawake wakaanza tena kuchekana wao kwa wao. Nikitokea mimi wanasogea, wananipa mkeka mzuri, wananiuliza habari za Tabora. Hakuna aliyeniita mla matobolwa. Nilipiga chafya, nikaambiwa pole. Nilijua maana yake, mimi niliyemweleza Profesa maana yake hotelini. Tatu hakurudi kwa mama yake mwaka ule, na barua niliyompelekea alinijibu kwa mdomo wa mchuuzi kwamba anashukuru na ananisalimu. Nilikuwa nimeishi miezi mingi nikiona matusi yale kama mlango uliofungwa usoni kwangu, na sasa nilikuwa nakaa kitandani alasiri, sikio kidirishani, nikitamani mtu anitukane.

Boti ya Delta ilikwenda maji yalipopungua. Nilisikia walifurika watu hata dawa zikaisha, na kwamba kwenye foleni hakuna aliyetania. Mradi ukafungwa, nikaambiwa nirudi Dar es Salaam. Nilikusudia jambo moja kabla ya kuondoka, na nililifanyia mazoezi chumbani kimya kimya, midomo ikienda, maana sikuwahi kulifanya maishani. Asubuhi hiyo nilitoka na begi langu nikamkuta Bi Somoe uani anasuka, majirani wamemzunguka. Nikasimama mbele yao, nikapaza sauti, "Mie naondoka, mla ngadu we! Baki na mbu wako! Na mzigo wako mwaka huu tafuta punda, Mnyamwezi kachoka!"

Vidole vya wale wanawake vikasimama juu ya ukili. Mmoja akaziba mdomo kwa pembe ya kanga, macho kwa Bi Somoe, akingoja. Nami nilingoja. Niliona kitu kikipita usoni mwake, nakiapia, kona ya mdomo ilitikisika. Kisha akaweka ukili chini, akainuka taratibu, akanipokea mkono kwa mikono yake miwili kama anavyoshikwa mkono mtu mkubwa.

"Safari njema, mwanangu," akasema. "Utusalimie kwenu. Na kama kuna neno tulikukosea, utusamehe."

Nikamjibu, "Ahsante, Bi. Na mimi mnisamehe," kwa adabu, kama mgeni, nikachukua begi nikaenda stendi.